Pangani mnauza mchanga tu, mji wenyewe mnauacha uanguke!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Wikiendi hii nimewapeleka Pangani wageni wangu kutoka Dar. Nikachukua kijana wa kutembeza wageni, tukapatana bei, akalipwa kabisa kabla hatujaanza. Kila gofu tukifika: "Hili lilikuwa gereza la watumwa." Nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi, gereza la watumwa. Ghala la kando ya mto, gereza la watumwa. Nikamuuliza Abushiri alinyongwa wapi, naye akaniuliza Abushiri ndiyo nani.

Sasa yeye kafundishwa na nani? Matangazo yote ya utalii ni ufukwe wa Ushongo, kisiwa cha Maziwe na minazi. Mtalii anatoka Tanga, anapanda pantoni, anavuka Bweni, huyoo ufukweni. Mji kaupita kwenye dirisha la gari.

Na mji wenyewe ndio huu: Agosti 1888 Zelewski wa kampuni ya Wajerumani alikuja kuutwaa akitaka kuishusha bendera ya Sultani wa Zanzibar, na askari wakaingia msikitini na mbwa, siku ya Idi! Watu wakachachamaa, mwezi uliofuata mwambao ukawaka moto. Abushiri bin Salim, mwenye shamba lake la miwa hapo hapo, akawatoa jasho mpaka Berlin ikamtuma Wissmann na jeshi. Desemba 1889 wakamnyonga, Pangani hiyo hiyo. (Zelewski ni yule yule aliyeuawa na Wahehe wa Mkwawa kule Lugalo 1891. Hadithi moja inaanzia Pangani inaishia Iringa, nani anaiuza?)

Halafu Kikogwe, ng'ambo ya mto. Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, ikapandwa hapo. Mkonge wote ule ulioijengea Tanga jina ulianzia kwenye hiyo miche. Kibao kimoja tu cha kusema hivyo kinawashinda?

Kuna nyumba moja jirani na mto nimeisimamia kama mfiwa. Mlango wa nakshi haupo, wameziba na mabati. Mizizi ya mtini imepasua ukuta wa matumbawe, boriti za mikoko zinaning'inia juu, na chini watoto wanacheza. Mlango huo haukutoka kwa miguu yake. Kuna mtu kaung'oa, kuna mtu kaununua, na majirani wanajua.

Msinijie na "serikali haina hela". Kibao ni hela gani? Kuwafundisha vijana kumi wa pale historia ya mji wao ni hela gani, wakati wageni tayari wanawalipa?

Anayejua nani hasa anahusika na majengo yale aandike hapa. Asiniambie niende ofisini. Nimeshakwenda, nikaambiwa mhusika yuko semina.