Mimi AS, mchumba "hana sikoseli" ila damu yake haipandi. Tuko salama?

Kijana wa Mwisho (mtoa mada)

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, utani uje baadaye.

Mimi na mchumba wangu tumepima damu kabla ya ndoa. Mimi nimetoka AS: hemoglobini A (ya kawaida) asilimia 61, S (ya sikoseli) asilimia 36. Nimeambiwa ni mbebaji tu, na kweli sijawahi kuumwa maumivu yale ya sikoseli. Yeye alipimia kwingine, karatasi yake ina mstari mmoja: "Kipimo cha sikoseli: hasi". Tukafurahi.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Tangu nimfahamu anaambiwa ana upungufu wa damu. Hemoglobini 10.8, MCV (ukubwa wa chembe nyekundu) 66. Anapewa vidonge vya chuma, anameza miezi mitatu, anarudi kupima, 10.8 ileile. Dada yake yuko hivyohivyo. Je, kwa kuwa hana S, watoto wetu wako salama?

Bonge la Hoja

AS na asiye na S hawazai SS (mwenye S mbili, mgonjwa). Hesabu ya kidato hiyo. Funga ndoa mkuu, unajichelewesha.

Sina Presha

Wanawake wengi damu ziko chini. Aongezewe dozi ya chuma tu.

Fundi Darubini

Bonge, kwa SS uko sahihi. Ila mtoto anaweza kuumwa sikoseli bila kuwa SS, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Mtoa mada, mimi nashinda maabara. Hicho kipimo cha haraka ni hivi: tunaweka tone la damu kwenye tyubu ya dawa, nyuma ya tyubu kuna karatasi yenye mistari myeusi. Kimiminika kikichafuka usione mistari, S ipo. Ukiiona, S haipo. Basi. Hakikwambii kama mtu ni AS au SS, hakioni hemoglobini C (kasoro nyingine), na thalasemia (mwili kutengeneza hemoglobini pungufu) hakiijui kabisa. Kwa hiyo "hasi" ya mchumba wako maana yake ni "hana S", si "jeni zake za hemoglobini hazina kasoro".

Na wewe Sina Presha, usimwongezee mtu chuma kwa kukisia. Chembe ndogo kiasi hicho (kawaida ni 80 kwenda juu) zina sababu kubwa mbili: chuma kimepungua, au mwili unashindwa kutengeneza minyororo ya hemoglobini ya kutosha, yaani thalasemia. Kama chuma kipo, vidonge havimsaidii, na chuma kikizidi mwilini ni sumu.

Apime vitu viwili: akiba ya chuma (feritini) na elektroforesi ya hemoglobini (kipimo kinachotenganisha aina zake). Chuma kianze, maana kikiwa chini kweli kinaweza kuishusha A2 (aina ya hemoglobini ambayo hupanda kwa mbebaji wa beta thalasemia) na kuificha thalasemia.

Kijana wa Mwisho

Asante Fundi. Sasa hapo umeniacha njiani. Mimi kasoro yangu ni S, yeye (kama ni kweli) ana kasoro nyingine. Vitu viwili tofauti vinaunganaje kuwa ugonjwa mmoja?

Fundi Darubini

Swali zuri. Hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne, alfa miwili na beta miwili. Jeni ya beta iko kromosomu ya 11, na kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama.

Nakala yako moja ina herufi moja iliyobadilika: GAG imekuwa GTG. Kwa hiyo kwenye nafasi ya 6 ya mnyororo wa asidi amino 146, asidi ya glutamiki imetoka, imeingia valini. Herufi moja tu! Lakini valini inakimbia maji, inajibana kwenye molekuli ya jirani. Oksijeni ikipungua, molekuli zinashikana kuwa nyuzi ndefu na chembe inajikunja kama mundu. Chembe nzima huishi siku 120 hivi, hiyo haifiki hata 20. Wewe huumwi kwa sababu nakala yako ya pili inatoa A ya kutosha kuzuia hizo nyuzi.

Thalasemia ni kosa la aina nyingine. Mnyororo wa beta hauharibiki umbo, unatengenezwa kidogo au hautengenezwi kabisa. Mtoto akichukua S yako na nakala mbovu ya mama, nani atatoa A ya kutosha? Hayupo. Hemoglobini nyingi inakuwa S.

Nusu Mundu

Ndiyo mimi huyo. S ya baba, beta thalasemia ya mama. Mama naye alikuwa na karatasi ya "hasi".

Miezi ya mwanzo sikuwa na tatizo, kwa sababu mtoto mchanga bado ana hemoglobini F (ya tangu tumboni) nyingi, na F haina mnyororo wa beta. Ilipopungua, vidole vikavimba. Nimetibiwa kama SS hadi nikiwa mtu mzima. Sasa natumia haidroksiurea, inaipandisha ile F, na maumivu yamepungua sana. Sikutishi, naishi na nafanya kazi. Ila wazazi wangu wangependa kujua mapema.

Bonge la Hoja

Naondoa kauli yangu ya mwanzo. Basi kama ni hivyo, mwachane mapema.

Nusu Mundu

Bonge, pumzika kidogo. Hata ikithibitika, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kama mimi. Wengine watatu: mmoja hana kitu, mmoja AS, mmoja kama mama yake. Kuna wanaopima mimba ikiwa changa, kuna wanaoamua kutozaa, kuna wanaozaa wakijua. Hilo ni la wenyewe wawili.

Fundi Darubini

Na aina ina uzito. Kama nakala yake haitoi beta kabisa, mtoto huumwa kama SS. Kama inatoa kidogo, mara nyingi huwa nafuu. Hilo linajulikana kwa kupima jeni yenyewe, namba za elektroforesi hazitoshi.

Kijana wa Mwisho

Mrejesho wakuu. Feritini yake iko sawa kabisa. Elektroforesi: S hakuna, A2 asilimia 5.3. Daktari amesema ni mbebaji wa beta thalasemia, na ametuandikia kipimo cha jeni pamoja na mshauri wa masuala ya urithi. Tunakwenda wote wawili, dada yake pia ameitwa.

Nimempa uzi huu ausome. Amesoma wote kimya, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo vile vidonge miaka yote nilikuwa nameza vya nini?"