Naomba ushauri: tugawane vipi viti na tiketi za safari ya Dar bila kuoneana, na majina tuyahakiki vipi?

Katibu wa Tawi

Habari zenu wakuu.

Mimi ni katibu wa tawi moja la mashabiki hapa Dodoma mjini. Jina la klabu na la tawi naomba niyaache, maana shida yangu haina jezi. Jumapili nina kikao cha wanachama, na nahitaji mawazo ya watu waliowahi kushika daftari la safari.

Mechi kubwa iliyopita Kwa Mkapa, uwanja wa Benjamin Mkapa Dar, tulikuwa na basi moja la viti 56 na tiketi 56 za mzunguko, yaani jukwaa la kawaida. Waliotaka kwenda walikuwa 131. Mchango ulikuwa 45,000, nauli kwenda na kurudi pamoja na tiketi. Saa tatu usiku nikaweka tangazo kwenye kundi la WhatsApp: atakayelipa mwanzo ndiye anayekwenda, na kila mmoja atume picha ya kitambulisho chake cha NIDA humohumo kundini ili tusiwe na majina hewa. Kufika saa nne na robo nafasi zimeisha. Nikalala nikiamini nimetenda haki.

Alfajiri ya safari, saa kumi, tuko Nanenane naita majina kwa tochi ya simu. Nikaita jina la mzee wetu mmoja, fundi cherehani. Akaitika kijana nisiyemjua: "Nipo." Kwenye daftari, mbele ya kila jina nilikuwa nimenakili namba ya NIDA, na mnajua tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Ile inaanza na 1961. Aliyesimama mbele yangu hajafika hata miaka 25. Nikamuuliza, akaniambia bila kuficha kwamba nafasi kauziwa 80,000 na mjumbe wa kamati yetu. Tulipohesabu upya, viti 9 vilikuwa na watu ambao majina si yao.

Na pembeni ya mlango wa basi amesimama mama mmoja muuza zabibu, ambaye tangu nishike daftari hajakosa safari hata moja. Simu yake ni ya batani, tangazo alilisikia kesho yake sokoni. Alikuja na chupa ya chai na kanga mbili, akitumaini atatokea mtu asiyefika. Basi lilikuwa limechelewa, wale tisa walikuwa wameshalipa, nikawaacha wapande. Yeye nikamwambia, "Mama, safari ijayo." Akasema, "Haya mwanangu," akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka kwa miguu. Mpaka leo napita barabara nyingine ili nisipite pale anapouzia.

Halafu wiki iliyopita mwanachama mmoja kapigiwa simu na tapeli anayemsomea namba yake ya NIDA yote 20 pamoja na mtaa anaokaa. Siwezi kusema imetoka kundini kwetu. Ila picha 56 za vitambulisho zilikaa mle, na kundi lina watu zaidi ya 200.

Nisaidieni. Nani apewe kiti pale viti visipotosha? Na nitajuaje kwamba aliyeandikwa ndiye aliyepanda, bila kumdhalilisha mtu wala kuanika vitambulisho vya watu?

Mgogo wa Kizota

Mkuu, anayelipa mwanzo ndiyo haki yenyewe. Mpira ni pesa. Ukianza kupanga nani anastahili, ndipo undugu unapoingia.

Binti Mpwapwa

@Mgogo wa Kizota hapana kaka. Tangazo saa tatu usiku, nafasi zimeisha saa nne na robo. Hapo ameshinda mwenye simu janja, bando na 45,000 mfukoni usiku ule. Bodaboda anapata hela yake kidogokidogo kutwa nzima, mtumishi wa Mtumba anasubiri mshahara, mama wa zabibu anauza mpaka giza. Wote hao ni mashabiki kama wewe. Na undugu umeingia vilevile, si umeona mjumbe kauza viti?

Katibu, nikuulize: kamati yako ina watu wangapi, na siku hiyo ilijiwekea nafasi ngapi kabla tangazo halijatoka?

Katibu wa Tawi

Dada, kamati ni watu 7. Zilitengwa nafasi 17 na mimi niliziandika kwa mkono wangu. Niliambiwa ni za "wadau".

Binti Mpwapwa

Basi shida imeanzia hapo, kabla hata ya kitambulisho. Ninyi mlikuwa mnagawa viti 39 huku watu 131 wakiamini ni 56. Idadi ya viti, idadi ya viti vya kamati na kazi ya kila aliyepewa kiti cha kamati vibandikwe ukutani kijiweni. Wa kutunza hela, wa huduma ya kwanza, wa kuhesabu watu, hao sawa. Mdau asiye na kazi ndani ya basi apange foleni na wenzake.

Mbeba Maboksi

Wakuu, niko Uingereza mwaka wa tisa, asili yangu Kondoa. Nieleze wanavyofanya huku, mtachukua kinachofaa.

Ligi Kuu ya England inamtaka mwenyeji awatengee wageni tiketi 3,000, au asilimia 10 ya uwanja kama uwanja ni mdogo. Na tangu msimu wa 2016/17 tiketi ya shabiki mgeni haizidi pauni 30. Bei ikiwa chini na tiketi chache, walanguzi wanakuja mbio. Kwa hiyo klabu nyingi zinatoa pointi: kila safari uliyokwenda inahesabiwa, wenye pointi nyingi wanatangulia kununua. Mama wa zabibu angekuwa wa kwanza.

Lakini pointi nazo zina ubaya wake, na huku watu wanaulalamikia sana. Mwenye pointi anazidi kupata pointi, kijana aliyeanza juzi anabaki mlangoni miaka na miaka. Mbaya zaidi, mtu haendi, anampa mwenzake tiketi ili pointi zisikatike. Ndiyo maana baadhi ya klabu zimetenga sehemu ya tiketi kwa bahati nasibu. Na baadhi huchagua majina kadhaa bila mpangilio, tiketi zao hazitumwi nyumbani. Wanazichukulia uwanja wa ugenini siku ya mechi, kila mtu na kitambulisho chake. Asiyekuja mwenyewe hapewi, na klabu inaweza kumfungia.

Uholanzi kwenye mechi za hatari wamekwenda mbali zaidi: mgeni hanunui tiketi peke yake, inauzwa pamoja na usafiri. Bila kupanda basi au treni iliyopangwa, tiketi huna.

Sasa kuhusu ukaguzi, angalieni sana mnaufanyia wapi. Mwaka 1989 hapa ilipitishwa sheria ya kutaka kila shabiki awe na kadi ya utambulisho ndipo aingie uwanjani. Jaji Taylor, aliyechunguza maafa ya msongamano katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield, ya 15 Aprili 1989, yaliyoua watu 97, aliandika katika ripoti yake ya Januari 1990 kwamba ana mashaka makubwa na mpango ule. Hofu yake mojawapo ilikuwa msongamano nje ya mageti pale kadi au mashine zikigoma. Hillsborough kwenyewe, watu zaidi ya 10,000 wenye tiketi za kusimama walikuwa wamepangiwa mageti 7 tu ya kuzungusha. Mpango wa kadi ukawekwa kando. Kwa hiyo majina mmalizane nayo Dodoma, watu wakiwa 56 na hawana haraka. Msiyapeleke getini.

Binti Mpwapwa

Hilo la getini nawasihi mlishike. 28 Mei 2023 nilikuwa Kwa Mkapa, mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga na USM Alger. Kwenye ule msongamano mtu mmoja alifariki na 30 wakajeruhiwa. Mimi nilibanwa ukutani na mdogo wangu, nikamnyanyua begani ili apate hewa. Mtu yeyote atakayesema kitambulisho kikaguliwe upya pale nje, hajawahi kusikia mbavu zake zikilia.

Wakili wa Makole

Katibu, kwanza futa zile picha leo. Siyo kesho. Futa kundini kwa wote, futa kwenye simu yako, na waombe waliozipakua wafute. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na msingi wake hata mtoto anauelewa: kusanya unachohitaji tu, kwa kazi uliyomwambia mwenyewe, kisha usikae nacho. Kazi yako ni kujua kwamba huyu ndiye aliyelipa. Kazi hiyo inaisha ukikiona kitambulisho na kumrudishia mwenyewe. Weka alama ya vema kwenye daftari, basi. Zile tarakimu 20 usizinakili. Hiyo 1961 ilikusaidia siku ile, lakini daftari lingeanguka Gairo tarehe za kuzaliwa za watu wote zingeokotwa njiani.

Waambie pia wanachama wapige *106# waone ni laini zipi zimesajiliwa kwa NIDA zao. Wakikuta wasiyoitambua waende kwa mtandao husika wakaifute.

Jambo la pili, usidai NIDA peke yake. Kadi ya mpiga kura inatosha, leseni ya udereva inatosha. Asiye na chochote, wanachama wawili wanaomfahamu wasimame mbele yako wamdhamini. Mwanachama wa miaka kumi akiachwa kwa sababu kadi yake bado haijatoka, utakuwa umekagua karatasi ukamsahau mtu.

Dereva Mstaafu

Nimeendesha mabasi ya kukodi miaka mingi, Dodoma–Dar nimeichoka. Sikilizeni kidogo wajukuu.

Msigawe tiketi Dodoma. Mkigawa usiku wa kuamkia safari, asubuhi tiketi tano zina wenye wapya. Sisi tulikuwa tunawapa watu namba ya kiti tu, tiketi anakaa nazo kiongozi mmoja. Tukipita Chalinze anasimama katikati ya basi, anaita jina, kila mtu anapokea yake kitini. Aliyetaka kulangua lazima apande basi mpaka Chalinze, na akifika huko hana wa kumuuzia.

Na mkague chini, kabla mtu hajapanda. Akishakaa amekaa, kumtoa ni ugomvi.

Mgogo wa Kizota

Mzee hapo umenikosha. Ila mtu akipata msiba je? Kalipa 45,000, haendi, jina halihamishiki. Hela imekufa?

Dereva Mstaafu

Isife. Anarudisha nafasi kwa katibu, hampi rafiki yake. Katibu anamwita anayefuata kwenye orodha ya akiba, huyo akilipa hela yake inakwenda kwa mwenye msiba.

Mwana wa Ipagala

Ongezeni na mechi kuahirishwa. 8 Machi 2025 dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, iliahirishwa siku yenyewe, watu wa mikoani tumeshafika Dar. Ikaja kuchezwa 25 Juni. Nauli haikurudi na haikuweza kurudi, mafuta yameshaungua. Lakini kwetu kila mtu alidhani katibu kala hela, kwa sababu hakuna aliyeambiwa kabla kwamba kati ya mchango wake kiasi gani ni basi na kiasi gani ni tiketi. Andikeni mafungu mawili kwenye risiti.

Na anayeogopa kuonyesha kitambulisho, mbona kwenye treni ya SGR anakitaja akikata tiketi na hagombani?

Wakili wa Makole

@Mwana wa Ipagala kwenye treni anakitaja kwa mkatishaji tiketi. Hakibandiki ukutani behewa zima likisome.

Katibu wa Tawi

Wakuu, nimesoma yote, mengine mara mbili. Picha zimefutwa kundini na kwenye simu yangu, na nimewapigia mmoja mmoja wale niliojua wamezipakua.

Jumapili napeleka hivi. Kati ya viti 56, kamati 5, kila mmoja na kazi yake imeandikwa. Viti 28 kwa waliosafiri mara nyingi zaidi tangu msimu uliopita, kwa daftari la mahudhurio. Viti 23 kwa bahati nasibu kijiweni mbele ya watu, na hapo kijana wa juzi na mzee wa zamani wako sawa. Tangazo litakaa siku tatu, kundini na kwenye karatasi sokoni Majengo, na mtu anaruhusiwa kulipa kwa awamu. Tiketi baada ya Chalinze. Yule mjumbe nimemwandikia barua ajibu mbele ya kikao, na ile 35,000 ya juu aliyomtoza kijana airudishe.

Jana nilikwenda kwa mama wa zabibu. Nilimwambia ukweli kwamba kiti chake kiliuzwa na mimi nilikuwa nimeshika daftari. Alinyamaza akipanga vichane vyake, kisha akaniuliza daftari la mahudhurio linaanzia mwaka gani. Nikamwonyesha. Alifuata mistari kwa kidole mpaka chini, akanionyesha safari moja niliyosahau kumwandikia. Nimeiandika palepale.

Binti Mpwapwa

Kikao saa ngapi? Nina mdogo wangu anataka kuingia kwenye bahati nasibu.

Katibu wa Tawi

Saa kumi jioni, kijiweni. Aje na kitambulisho chochote alicho nacho mkononi. Picha asitume.