Gumzo la Majirani: Unga wa Vitu Tisa

*Kikundi: MAJIRANI TUPENDANE, Mbagala*

Mama Shadya: Hodi humu. Nimetoka kliniki. Mtoto kilo hazijapanda mwezi wa pili huu, mstari kwenye kadi umelala kama kamba ya kuanikia nguo. Ana miezi tisa na uji wa lishe nampa kila siku. Nakosea wapi jamani?

Mama Kelvin: Pole shoga. Ule unga wangu umeisha? Nina mzigo mpya, vitu tisa ndani.

Mama Shadya: Haujaisha. Ndio huo huo nampa.

Baba Junior: 👀

Dada Neema (mhudumu wa afya): Pole Mama Shadya. Mama Kelvin usininunie, hebu tutajie hivyo tisa.

Mama Kelvin: Mahindi, mchele, ulezi, mtama, uwele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga. Mteja anataka kuona vingi. Ukimwekea viwili anasema umemwibia.

Dada Neema: Sita vya kwanza ni ukoo mmoja, nafaka, zaidi ni wanga. Soya nayo isipopata moto wa kutosha kabla ya kusagwa inamvuruga mtoto tumbo. Karanga zina mafuta, ukizisaga na nafaka unga unaharibika upesi. Na karanga chache zikiwa na sumukuvu, sumu ya ukungu, umeshaisambaza mfuko mzima, kuchemsha hakuiondoi. 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu. Ndiyo maana Taasisi ya Chakula na Lishe wanatukataza kusaga vyote pamoja. Karanga zikae kwenye chombo chake.

Mama Kelvin: Soya nakaanga na karanga nachagua moja moja kwa mkono wangu. Sasa mnataka ada ya Kelvin itoke wapi?

Bi Mwajuma: Hakuna aliyekuzuia kuuza mwanangu. Tulia kwanza.

Dada Neema: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:14)

Baba Junior: Dada andika, niko kwenye daladala.

Dada Neema: Haya. Mama Shadya, uji wako ukiinamisha kijiko unamwagika?

Mama Shadya: Kama maji. Mzito anatema.

Dada Neema: Basi anashiba maji. Tumbo lake dogo, kila kijiko kibebe kitu. Tia karanga za kusaga au unga wa dagaa uji ukishaiva. Na miezi tisa si uji tu, mpondee mnachokula nyinyi. Mara tatu au nne kwa siku, na ziwa liendelee.

Bi Mwajuma: Anayetema mtilie kimea. Kwetu Singida ndivyo tulivyolelewa. Songa uji mzito, utoe motoni upoe kidogo, tia kijiko cha kimea cha ulezi ukoroge. Unalainika wenyewe bila tone la maji. Kisha urudishe motoni uchemke kidogo.

Mama Salma: Shikamoo Bi Mwajuma. Kimea si cha pombe hicho? 🙈

Bi Mwajuma: Marahaba. Ni ulezi uliochipua ukaanikwa. Kwani ukila choroko zilizoota unalewa? Ila ukiona ukungu, tupa.

Baba Junior: Haya yote kwa elfu tatu ya kutwa? Tuko watano.

Mama Salma: Dagaa wa mia tano baba. Toa vichwa na mchanga, osha, wakaushe kwenye kikaango, twanga, chekecha. Kikopo kimoja mwanangu anakwenda nacho siku nyingi tu. Matembele nayachuma nyuma ya choo cha Baba Junior, asinishtaki.

Baba Junior: Kumbe ni wewe!!

Dada Neema: 😂 Hayo matembele yaoshe kabla ya kukata, usitie magadi, na usimwage maji yake. Kamulia ndimu, chai isubiri kabisa, inazuia mwili kupata madini ya chuma ya kuongeza damu. Na Baba Junior, hela si kila kitu. Iringa mahindi wanavuna mpaka wanauza, lakini utafiti wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa.

Baba Junior: Iringa hii hii ya ugali??

Dada Neema: Ugali ndio huo, peke yake. Jumamosi saa nne jiko darasa, tunafundishana kupika, kwa Bi Mwajuma. Kila mtu alete anachopika kwake, tusiletewe kuku wa sikukuu. Na baba waje.

Bi Mwajuma: Sufuria ninayo. Mkaa mlete, mara ya mwisho mlinimalizia debe.

*(saa 2:40 usiku)*

Mama Kelvin: Nimepiga hesabu. Nikisaga ulezi na mahindi tu, karanga nikauza kikopo pembeni, faida haipungui sana. Niliumia mlivyoniambia mbele ya watu, sitaficha.

Dada Neema: Nisamehe, ningekufuata faragha. Jumamosi njoo na mizani, uwaonyeshe vipimo.

Mama Shadya: Nitengee nusu kilo ya huo mpya. Nalipa Ijumaa.

Mama Kelvin: Ijumaa ya mwaka gani? 🤣