Yule muuza maparachichi wa kona leo kanihesabia vidole mbele ya soko zima!

Mwalimu wa Zamu:

Wadau, nimeingia nyumbani sasa hivi, hata koti sijavua. Baridi ya Mbeya ya mwezi huu mnaijua, lakini mimi natoka jasho la hasira.

Yule mnamjua. Simtaji, wala hakuna haja. Yule wa kona wanapogeuzia bajaji, mwenye meza ya maparachichi na kofia ya sufu asiyoivua masika wala kiangazi. Ukipita bila kununua anakusindikiza kwa maneno mpaka lami. Ndiyo huyo huyo.

Leo kanikamata kidole. Narudia: kanikamata kidole, mimi mtu mzima mwenye watoto, akakihesabu.

Ilikuwa hivi. Meza yake ina mafungu, kila fungu lina matunda matano. Nikamuuliza, "Kaka, bei gani haya?" Macho yako kwenye simu, akajibu, "Tano tano." Basi! Meza imejaa mafungu, mtu anakwambia tano tano, utaelewa nini kama si kila fungu jero, yaani mia tano? Msimu wenyewe huu, Rungwe huko yanaanguka mpaka ng'ombe wanayakwepa. Nikachagua fungu langu, nikatia mfukoni, nikampa jero ya chuma.

Akaigeuza ile sarafu kama nimempa kizibo cha soda. "Mama, bado buku mbili." Nikamuuliza buku mbili za nini. Eti tano tano maana yake kila moja mia tano. Nikamwambia kwa adabu kabisa, kaka yangu, ungesema "kila moja mia tano" tungeelewana, ulivyosema wewe ni bei ya fungu.

Hapo ndipo alipoweka simu chini.

Akaushika mkono wangu wa kulia, akaukunjua, akaanza. Kidole gumba: "Jero." Cha shahada: "Buku." Cha kati: "Buku jero." Cha pete: "Buku mbili." Alipofika kile cha mwisho akakivuta kama anakamua mbuzi: "Na haka kadogo, buku mbili na jero. Maparachichi tano. Umeelewa, mama?"

Umeelewa, mama!

Soko likanyamaza. Mashine ya kusaga ikanyamaza. Mimi milango yangu yote mitano ya fahamu ikajifunga kwa mpigo. Macho yalipofunguka nikaona nani amesimama meza ya nyanya? Mwanafunzi wangu. Wa darasa la TANO. Ana kikapu mkononi na mdomo wazi.

Wadau, mimi nafundisha Kiswahili. Kila mwaka nasimama ubaoni nasema moja, mbili, tatu, nne, tano na nane zinafuata jina: mtu mmoja, watu watano, vidole vitano, maparachichi MATANO. Sita, saba na tisa tulizipata kwa Waarabu, ndiyo maana hazivai kiambishi, unasema watu sita, vidole saba, basi. Tano ni ya kwetu, Wabantu tumetembea nayo tangu huko tulikotoka, na inavaa kila nguo unayoipa. Halafu mtu anayesema "maparachichi tano" ndiye anayenifundisha mimi kuhesabu! Kwa vidole vyangu mwenyewe!

Kidole cha mwisho bado nakisikia mpaka sasa.

Binti Tukuyu:

Pole sana dada. Ni yeye kabisa. Mimi alinifanyia kwenye ndizi, nikauliza bei ya mkungu, akanijibu "unao uwezo?" Niliondoka na machozi.

Dereva wa Kitonga:

Nimesoma hapo kwenye kukamua mbuzi nikaegesha gari pembeni nicheke vizuri. Sasa mwalimu, ulilipa hukulipa?

Mwalimu wa Zamu:

Hilo swali haliingii hapa. Mada ni kidole.

Dereva wa Kitonga:

Kwa hiyo ulilipa.

Mzee wa Soweto:

Mwanangu mwalimu, pole, kushikwa mkono si adabu. Lakini kwenye bei huyo kijana yuko sawa. Niko Dar es Salaam miaka ya 1980, mabasi ya watu binafsi yanaingia mjini, nauli shilingi tano. Ile tano ya chuma tulikuwa tunaiita dala. Konda amening'inia mlangoni anapiga kelele "dala, dala, dala, dala!" Ndiyo jina hilo mnalolitumia mpaka leo hapa Mbeya mkienda Uyole. Daladala ni tano tano, mwanangu. Sasa niambie, konda alipoita hivyo, ilikuwa dala kwa basi zima? Kila kichwa na dala yake.

Mwalimu wa Zamu:

Mzee wangu, shikamoo. Konda alikuwa anauza viti, hakuwa anauza mafungu. Angekuwa amewafunga abiria watano watano kwa kamba akawapanga mezani, hapo tungeongea. Na mimi nikiwaambia watoto waingie darasani watano watano, linaingia kundi zima, haingii mtoto mmoja mmoja. Maneno yakirudiwa yanafuata kilichopo mbele ya macho, na mbele ya macho palikuwa na MAFUNGU. Halafu nakuuliza kwa heshima, huyo konda wenu alimshika abiria kidole kidogo akakivuta?

Mzee wa Soweto:

Marahaba. Hapana, hilo hakufanya. Alikuwa anapiga mabati.

Kijana wa Mwanjelwa:

Mnamwonea bure. Yule jamaa ni mtu wa swala tano, hana neno na mtu. Mwalimu ungempa tano ya mkononi mkacheka yakaisha.

Mwalimu wa Zamu:

Swala tano na vidole vya wake za watu wapi na wapi? Tano ya mkononi anayo tayari, aliichukua bila kuombwa!

Binti Tukuyu:

Hapo umemmaliza dada.

Mpakani Tunduma:

Wakuu, mmenikumbusha. Mimi nauza mchele kwa Wazambia kila siku, Mbemba akitaka tano anasema "sano". Ukishuka kwa Wachewa ni "sanu". Nina rafiki dereva wa malori ya Afrika Kusini ananiambia Wazulu wanasema "hlanu", pumzi inatokea pembeni mwa ulimi kama unapuliza chai ya moto. Neno ni lile lile moja, kila mtu na meno yake. Kwa hiyo mwalimu yuko sahihi, tano ni ya ukoo. Ila na mimi nina la kwangu. Huyo Mzambia akisema sano, ni kwacha sano au ni mifuko sano? Wiki iliyopita nimepakia mifuko mitano, kumbe mtu anaulizia bei. Nimeishusha peke yangu, mgongo huu.

Seremala Hana Aibu:

Hamjakutana na fundi wangu wa hapa Mafinga. Nimemlipa hela yote, nilitaka kitanda, akasema Jumatano njoo uchukue. Jumatano nimekwenda, hakuna hata mguu mmoja wa kitanda. Alhamisi nimekwenda nimefura, akanikalisha kwenye gogo akanieleza: "Kaka, Jumatano ni ya tano ukianza Jumamosi, mosi, pili, tatu, nne, tano. Na Alhamisi ni ya tano kwa Waarabu, maana khamsa ni tano, wao wanaanzia Jumapili. Tumeweka siku mbili za tano ndani ya wiki moja, sasa mimi nimechelewa wapi?" Nikakosa la kusema. Nimelala chini mwezi mzima kwa ajili ya hesabu hiyo.

Dereva wa Kitonga:

Huyo fundi apewe uprofesa.

Mwalimu wa Zamu:

Fundi wako alikushika kidole?

Seremala Hana Aibu:

Hapana.

Mwalimu wa Zamu:

Basi shukuru.

Kamwene wa Iringa:

Kamwene wote. Mimi nimepoteza kazi kwa tano, nyie mnalilia maparachichi. Niliitwa usaili, ujumbe umekuja kwenye simu, 5:00. Nimekaa nimejipanga, saa tano kamili asubuhi nimefika na suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Dada wa mapokezi ananitazama, ananiambia usaili ni saa kumi na moja jioni. Nikasema nitasubiri. Nje kipupwe, hakuna hata benchi. Saa kumi nikaenda kutafuta chai nipate joto, nimerudi saa kumi na moja na robo, wamefunga. Sisi saa tunahesabu tangu jua linachomoza, saa tano ni jua limekwenda saa tano. Simu inaanza kuhesabu usiku wa manane, ikifika saa sita mchana inaanza upya, usiku huo nani alikuwa macho?

Kijana wa Mwanjelwa:

Kosa la simu au la chai?

Kamwene wa Iringa:

Wewe acha.

Mwalimu wa Zamu:

Naomba turudi kwenye mada. Mtoto wa darasa la tano alikuwepo. Jumatatu nina somo la idadi, na lazima nikunjue mkono uleule mbele ya darasa. Mnaelewa? Nikishika kidole gumba wote watasema "jero". Nawajua watoto wangu. Nikifika kidole cha mwisho nitafanyaje?

Binti Tukuyu:

Hesabia miguuni.

Viazi Njombe:

Ngojeni niwaambie maumivu. Mwalimu analia buku mbili. Sisi tunaolima viazi, dalali anakuja na magunia yake, analijaza, analishindilia kwa goti, halafu juu analishonea kichwa kama mama aliyejitwisha mzigo. Lumbesa! Gunia ni kilo 100, mtoto mdogo anajua. Lakini magunia matano ya lumbesa ukiyamwaga uyapange upya yanajaa sita, na lingine kidogo. Mimi nalipwa MATANO. Kila msimu kuna gunia moja langu linapanda lori bure kwenda Dar es Salaam, halina jina, halina mwenyewe. Hiyo ndiyo tano ya kuanzishia uzi.

Seremala Hana Aibu:

Hapo mkuu umesema kweli tupu. Kwenye mahindi pia, wanapimia debe lililobondwabondwa pembeni ukinunua wewe, ukiuza wanakuja na lao limetuna tumbo.

Dalali Mstaarabu:

Mnatusingizia. Lumbesa wanaitaka wanunuzi wa mjini, siyo sisi. Ushuru, kupakia, kushusha, vyote vinatozwa kwa gunia, havitozwi kwa kilo. Ukileta gunia lililofungwa mdomo vizuri hakuna anayeligusa, wanakuuliza kichwa kiko wapi. Na mkulima anakubali mwenyewe pale shambani, hashikiwi panga.

Viazi Njombe:

Nakubali kwa sababu mvua inanyesha, viazi viko chini, na wewe ndiye mwenye lori! Ungekuja na mzani siku moja tu nikuone.

Dalali Mstaarabu:

Mzani ninao.

Viazi Njombe:

Uko wapi? Unautumia kupimia kuku?

Mwalimu wa Zamu:

Jamani, uzi huu ni wa kidole.

Binti Tukuyu:

Kweli kuhusu lumbesa, shangazi yangu Isyonje ameacha kabisa kulima viazi, amehamia kwenye pareto.

Mzee wa Soweto:

Zamani tulipima kwa debe na pishi, na mtu alikuwa anaongeza kiganja juu kwa hiari yake, inaitwa nyongeza. Hakuna aliyeshona kichwa.

Kijana wa Mwanjelwa:

Nyongeza siku hizi ukiomba unatukanwa. Juzi nimeomba nyanya moja tu juu ya sado, mama akaniuliza kama nimemzaa yeye.

Dalali Mstaarabu:

Viazi Njombe, tuache maneno. Una gunia ngapi shambani?

Viazi Njombe:

Ishirini na tano. Bila vichwa.

Dalali Mstaarabu:

Bila vichwa sawa. Barabara inapitika?

Viazi Njombe:

Lori dogo linafika, kubwa lisubiri lami. Mzani uje nao.