Tupeane uzoefu: elimu ya afya ya uzazi uliwafikishiaje dada zetu wa biashara ya ngono?

Mwanzisha mada
Mimi ni mwelimishaji rika, na kazi yenyewe niliifanya. Siku ya kwanza nilikwenda saa nne asubuhi na bunda la vipeperushi. Wote wamelala. Mmoja alifungua mlango nusu: "Wewe polisi au mlokole?" Nikarudi saa saba usiku, mikono mitupu, nikakaa nao. Swali la kwanza halikuwa la VVU. Mmoja aliuliza kama kijiti cha uzazi wa mpango ndicho kinachomtoa damu ovyo, maana siku ya damu hana kipato. (Ndiyo, kijiti huvuruga hedhi, na msaada upo.) Ninyi mliingilia mlango gani?

Muuguzi
Kwetu alikuja dada siku ya tano baada ya kondomu kupasuka. Kumbe alishafika siku ya pili, akasikia mtu wa mapokezi akiitangaza kazi yake kwa sauti, akageuza. PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya hatari, huanzwa ndani ya saa 72, na kila unavyowahi ndivyo bora, kisha unameza siku 28. Muda ulishapita. Siku hizi naanza na hiyo 72 hata salamu hazijaisha. Mwanafunzi wangu wa pili akawa huyo wa mapokezi.

Bado nipo kazini
Miaka nimepaka mafuta ya mgando juu ya kondomu, ikipasuka namlaumu mteja. Semina nne nimekaa, hakuna aliyetaja kwamba mafuta hudhoofisha mpira na kilainishi kiwe cha maji! Aliniambia shoga yangu tukisukana.

Nimejifunza kwa maumivu
Nilimeza PrEP, vidonge vya kujikinga na VVU kabla ya hatari, nikajiona nimevaa chuma. Kaswende ikanikuta humohumo, wala kidonda sikukiona. Kipimo ndicho kilisema. PrEP ni ya VVU tu. Mwambieni mtu siku ileile mnayompa.

Wa simu
Wengine hatusimami barabarani, wateja tunawapata kwa simu, na simu yangu nyumbani inashikwa na kila mtu. Ujumbe wa "njoo upime" ulinifukuzisha kwa shangazi. Sasa mwelimishaji wangu hutuma sauti: "Nguo yako iko tayari." Najua siku ya sindano ya uzazi wa mpango imefika.

Mwanzisha mada
Wa simu, hilo la nguo naliiba. Ila akisahau kutuma je? Sindano ya miezi 3 haikungoji. Tia alama kwenye kalenda, hata kanukta tu.