Beirut: paa moja, nyumba 16, sola inagawanywaje?

mwanamji: Wakuu, umeme wa serikali Lebanon ulipodorora 2021, kila mwenye uwezo Beirut alipandisha paneli juu. Chukua jengo la ghorofa 8, nyumba 16, paa la mita za mraba 200. Waliowahi wamelijaza, wengine bado wanalipia umeme wa jenereta ya mtu binafsi mtaani, unaouzwa kwa ampea. Mgawo wa haki unapigwaje hesabu?

paneli550: Anza na paa kabla ya pesa. Toa matangi ya maji, chumba cha mashine ya lifti, madishi na njia ya kupita, inabaki kama mita 100. Paneli ya wati 550 ni mita 2.28 kwa 1.13. Ukiiinamisha nyuzi 30 ikitazama kusini, ncha inanyanyuka mita 1.14, na jua la mchana wa Desemba pale liko nyuzi 33 tu, kwa hiyo kivuli kinafika mita 1.8 nyuma. Acha mita 2 kati ya safu. Kila paneli inakula mita za mraba 4.5, zinaingia 22, basi. Tajiri anataka 8 peke yake. Wakiwa wawili, wa tatu anapata 6 na nyumba 13 zinatazama juu.

mwanamji: Kwa hiyo kila nyumba ipewe paneli yake moja, 6 ziendeshe pampu na taa za ngazi?

fundi_inveta: Kwenye karatasi sawa, kwenye waya hapana. Paneli moja inatoa volti 42 hivi, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa nyumbani) nyingi za kilowati 5 haziamki chini ya volti 120. Unganisheni kwa mfululizo wa 8, 7 na 7 ili volti zijumlike, inveta 3 za pamoja, halafu mita ndogo kwa kila nyumba. Fungu la paneli moja ni kama uniti 2.2 kwa siku ya jua zuri: friji, taa, feni, ruta. Hita ya maji isahauni. Lifti iacheni kwa jenereta.

Kosa la kila siku: mtu ana ampea 5 za jenereta, yaani kama kilowati 1.1, kisha inveta inachaji betri ya volti 48 kwa ampea 20. Hiyo peke yake ni karibu kilowati 1, friji ikiwaka tu breka inaanguka. Shusha chaji hadi ampea 10.

mtaa_kwa_mtaa: Msisahau siasa ya waya. Jenereta hizi zilienea mjini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1975 hadi 1990, Beirut ilipokatwa mashariki na magharibi, na hadi leo kila mtaa una mwenye jenereta wake. Sheria ya 2023 ya nishati jadidifu inaruhusu majirani kuuziana umeme, lakini gridi ikizimika, inveta inayoitegemea nayo inazima. Ndiyo maana jengo moja ndilo pa kuanzia. Muhtasari wa kikao utaje idadi ya paneli za kila nyumba, nani anabadilisha betri, na fungu la mpangaji akihama linabaki na nyumba. Wapangaji waitwe kikaoni. Wao ndio wanaolipa ampea.

mwanamji: Na waliokwisha kujaza paa?

paneli550: Paneli zao ziingie kwenye mfumo wa pamoja kwa bei ya leo, si ya 2021. Kwanza pimeni kila moja kwa klampmita, kipimo cha mkondo kinachobana waya. Zilizokaa kwenye kivuli cha tangi zinaweza kuwa na alama za kuungua.