Libretto 70CT haitoi sauti baada ya kuweka Windows 95 upya

Mwanambale
Wakuu, naomba ushauri. Nina Toshiba Libretto 70CT, Pentium MMX ya 120 MHz, RAM MB 32. Windows 95 imewekwa upya na sauti hakuna kabisa. Device Manager inaonyesha alama ya mshangao ya njano kwenye kifaa kisichotambulika. Kuchagua Sound Blaster (aina maarufu ya kadi ya sauti) kwenye orodha ya Windows kunaigandisha mashine. Haina USB wala floppy, mafaili nahamisha kwa kadi ya CF (kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash) kwenye adapta ya PCMCIA, ile nafasi ya kadi ubavuni mwa laptopu. Betri imekufa, na umeme hapa Mbale unakatika wakati wowote.

FundiKisenyi
Ndugu, anza na umeme. Nakili SYSTEM.DAT na USER.DAT, mafaili ya rejista ya mipangilio ya Windows, kabla ya kugusa chochote, maana umeme ukikatika draiva (programu inayoendesha kifaa) inaposajiliwa, Windows inaweza isiwake tena. Zimefichwa, kwa hiyo toka Windows uende DOS, ingia C:\WINDOWS, andika ATTRIB -R -H -S SYSTEM.DAT, kisha COPY. Fanya vivyo hivyo kwa USER.DAT.

Halafu futa hiyo Sound Blaster na uwashe upya. Chipu ya sauti ya humo ni ya familia ya Yamaha OPL3-SA, kitambulisho YMH0021. Tafuta draiva ya Windows 95, si ya Windows NT, uifungue kwenye kompyuta nyingine mpaka faili la .INF (lenye maelekezo ya usakinishaji) lionekane. Folda nzima iende C:\YAMAHA. Usisakinishe ukiwa unasoma kutoka CF. Kisha bofya kifaa chenye mshangao, Update Driver, elekeza kwenye folda hiyo. Ikidai CD ya Windows, andika C:\WINDOWS\OPTIONS\CABS. Kama mafaili ya CAB (mafaili ya Windows yaliyobanwa) hayapo hapo, yapeleke kwanza.

CF iwe na mfumo wa mafaili wa FAT16, isizidi GB 2. Windows 95 ya mwanzo haisomi FAT32, inayosoma ni OSR2, toleo lake la baadaye.

Arua_Retro
Naongezea, kwa sababu wengi hukwama hapa. Adapta ya CF nayo inadai IRQ (namba ambayo kifaa hutumia kuita prosesa), na ikiwahi 5, sauti inakosa nafasi. Chomoa kadi, uwashe upya, ndipo ufungue Resources za Yamaha, yaani anwani na namba inazotumia. Zinazofaa:

Sound Blaster 220, WSS (Windows Sound System) 530, AdLib (muziki wa FM) 388, MPU-401 (MIDI) 330, kontroli 370, IRQ 5, DMA 1 na 0.

IRQ 7 iache, kwa kawaida ni ya porti ya printa. DMA (njia za kupitisha data bila prosesa) mbili zinatakiwa ili chipu irekodi na kucheza kwa wakati mmoja.

Mwanambale
Asanteni sana, mshangao umeondoka na WAV zinalia vizuri. MIDI (mafaili ya muziki wa noti) bado kimya, na gemu za DOS pia.

Nyabo_Sakiti
MIDI ni rahisi, ssebo. Control Panel, Multimedia, MIDI: bila shaka imechaguliwa MPU-401. Hiyo hupeleka data kwa kinanda cha nje tu, yenyewe haina sauti. Chagua Yamaha OPL3 FM.

DOS ni habari nyingine, kwa kuwa draiva ya Windows haifanyi kazi huko. Endesha SETUPSA.EXE ya Yamaha, weka namba zilezile alizotoa Arua_Retro, kisha ongeza mstari huu kwenye AUTOEXEC.BAT:

SET BLASTER=A220 I5 D1 T4

T4 maana yake Sound Blaster Pro 2. T6 ni Sound Blaster 16. Usiandike T6. Chipu hii haiigi Sound Blaster 16, na gemu ikiambiwa ni 16 itasubiri DMA ya biti 16 ambayo haipo, ndiyo maana hunyamaza au huganda. Kwenye seti ya gemu yenyewe chagua Sound Blaster Pro kwa milio, na AdLib au OPL3 kwa muziki. Mwisho, angalia gurudumu la sauti lililo kwenye mashine, halijali unachoandika kwenye AUTOEXEC.